Kwa Papa, Juu ya Mashua Yako na Ng'ombe wa Baba Mdogo

Papa,

Najua unachotaka kujua. Hutaki salamu, hutaki habari za mvua, wala hutaki kusikia nani kaoa nani. Unataka neno moja tu juu ya mashua, na kama ungekuwa hapa ungekuwa umeshanikatiza: "Zawadi, fika." Leo sifiki haraka. Wewe ulinificha jambo tangu nikiwa msichana wa shule, ukaingia nalo kaburini, kwa hiyo leo ni zamu yako kungoja. Nitasimulia kwa mpango wangu, na huna pa kwenda.

Kwanza, nyumbani. Mama ni mzima. Magoti yanamsumbua asubuhi lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Bado anaamka kabla yetu sote hapa Ndosho, anafagia mawe ya volkano uani utadhani kuna siku yatakubali kuwa sakafu. Cherehani yangu iko palepale barazani, upande wa njia, na nashona sare za shule na vitenge vya kwaya. Vita havijaisha. Sikuandikii nani anampiga nani, maana wewe mwenyewe ulikuwa ukisema majina ndiyo yanayobadilika, miguu inayokimbia ni ileile. Kambi ya Mugunga imejaa tena, palepale tulipolala sisi, na shitingi, vile vibanda vya plastiki, zimesogea mpaka kwenye kuta za nyumba za watu. Barabara ya Sake haipitiki. Maharagwe tunayokula sasa yanakuja kwa njia ya ziwa, kutoka Minova, na mwenye chombo cha kuelea ndiye mtu.

Chombo sisi tulikuwa nacho, kimelala kifudifudi kando ya ukuta, kimepakwa lami nyeusi, kina tundu ubavuni. Chini yake alikuwa anaishi Mama Riziki na watoto wake. Huyo humjui, alikuja baada yako. Alitoka milima ya Masisi kwa miguu, akabisha mlangoni mvua ikinyesha, akaona mashua imepinduliwa na akauliza kama kuna mtu ndani. Mama akamwambia hakuna. Basi akaingia na watoto wake na godoro lake, na tundu lile ulilosema ni la jiwe likawa dirisha lake. Moshi wa mbabula yake, lile jiko la makaa, ulikuwa ukitokea hapo. Wapita njia walisimama kutazama mashua inayovuta sigara.

Sasa nikupeleke siku ya mazishi yako, maana huko ndiko ugomvi ulikoanzia.

Baba mdogo Faustin alifika na fimbo yake na kofia yake. Unajua alivyo. Ng'ombe wachache waliobaki kwake amewashusha kutoka milimani, anawachunga kwenye nyasi za kuokoteza pembeni mwa mji, na shida yake kubwa ni maji. Alilia, Papa, sitamsingizia. Alikulilia kwa sauti ya mtu mzima mpaka wajukuu wakaogopa. Lakini alipomaliza kulia akazunguka uani, akaigonga mashua yako kwa fimbo, ko, ko, ko, akainama akasikiliza. Akasema mbele ya wazee wote: "Iyi inafaa kuwa birika ya ngombe kunywea mayi. Tutaziba kile kitundu na simenti kidogo."

Nikamwambia, "Baba mudogo, ile ni mashua."

Akanitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto aliyesema atakuwa rubani. "Mashua ile inaelea, mutoto wangu. Ile haielee, ni birika."

Angenyamaza hapo ningemezea. Lakini aliongeza, naye hakuwa na nia mbaya, na ndiyo maana iliuma zaidi: "Kaka yangu aliacha ngombe ya baba yetu, akafuata samaki. Samaki ikamupa nini? Tundu."

Wazee wakacheka kidogo, cheko la msiba. Mimi sikucheka. Niliona aibu yako ikitandazwa uani pamoja na koti lako na redio yako, vitu vya kugawa. Nikasema kwa sauti ambayo Mama anasema ilifika mpaka kwa majirani: ifikapo siku ya kuondoa matanga, mashua hii itakuwa majini, na Baba mdogo atakuwa ndani yake. Ikivuja, achukue anyweshee ng'ombe. Wazee wakasema sawa, mtoto wa marehemu amesema. Wakati wa kulala ukafika nami nikakaa macho, kwa sababu mimi ni mshonaji, Papa. Sikuwahi kuziba hata ndoo.

Ulitoka kwenye ukoo wa maziwa na siagi, watu wanaosema samaki ananuka na mla samaki ananuka zaidi, ukashuka Goma ukaingia majini. Unakumbuka ulivyonisimulia ulivyoipata ile mashua? Ulikuwa mwaka ule wakimbizi walipovuka mpaka kama maji yaliyopasua ukuta, na mashirika yakaja na magari na mashua zao. Shirika mojawapo lilipofunga likaacha mashua kuukuu ufukoni, ya fiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya rezini, si ya mbao kama za wenzako. Wavuvi waliikwepa, wakasema chombo kisicho na ubao kitayeyuka juani. Wewe ukaichukua. Ukaipaka bluu, ukaizungushia mstari mweupe mmoja, juu kidogo ya pale maji yanapofika, kutoka pua hadi mkia. Nilishika kopo la rangi nyeupe. Ulishika pumzi ulipokuwa ukichora, na ulipofika mwisho ukaniambia, "Sasa iko na mukanda, kama mutu wa heshima."

Sambaza ulizoleta, wale dagaa wa ziwa letu, zilinisomesha. Nataka hilo liandikwe mahali, basi naliandika hapa.

Kisha vikaja vita vile ambavyo watu wenye bunduki walikuwa wanashuka ufukoni na kuchukua kila kinachoelea. Aliyekataa alipelekwa na chombo chake, na wengine hawakurudi. Ukaipandisha mashua nyumbani juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mchana kweupe, majirani wakashangilia kama harusi. Siku iliyofuata nilitoka shuleni nikakuta ina tundu ubavuni, pana kama sinia, na wewe unaipaka lami mwili mzima. Nilipiga kelele. Ukaniambia jiwe limeitoboa ilipokuwa inashushwa. Askari walipokuja kuitafuta waliipiga teke, mmoja akaingiza kichwa kwenye tundu akawachungulia wenzake kutoka ndani, wakacheka, wakaenda. Ndosho nzima ilicheka. Walikuita Kapiteni wa Mawe. Nawe ulicheka nao, Papa, ulicheka kuwashinda, na mimi nilikuwa nakwenda nyuma ya nyumba kulia.

Na sinia ya Mama? Nitakuja huko. Unaona nilivyokukamata.

Sinia ile ilikuwepo jikoni tangu siku hizo. Kitu cha ajabu, kimepinda kidogo, kikavu kama ganda, kwa ndani kina mikwaruzo kama ya kitambaa kilichofumwa. Ulimletea Mama ukasema umeiokota. Mama akachambulia maharagwe. Punje zilikuwa zinanasa kwenye ile mikwaruzo naye alikuwa analalamika kila siku ya Mungu, lakini ulikuwa na sheria moja tu katika nyumba ile, wewe ambaye hukuwa mtu wa sheria: "Iyi sinia haiuzishwe, haiazimishwe, haivuke mulango." Jirani akija kuiomba, Mama alikuwa akiona haya kukataa. Na siku tuliyokimbilia Mugunga, risasi zinalia upande wa Kibati, kila mtu kabeba godoro, kabeba mtoto, kabeba mbuzi, wewe ulirudi ndani ya nyumba. Tulidhani umefuata makaratasi. Ukatoka na sinia. Mama alikutukana njia nzima. Ulimjibu mara moja tu: "Matela tutapata ingine. Iyi, hapana." Tukaishi kwenye shitingi bila godoro, tuna sinia. Wanawake wa kambini walisema Mama Zawadi ana sinia ya uganga.

Haya. Kazi.

Kwanza ilibidi nimtoe Mama Riziki chini ya mashua, na sikuwa na moyo wa kumtoa. Nikamshonea nyumba. Ndiyo, nilimshonea: nikaunga vipande vya shitingi kwa mshono maradufu, nikatia pindo la kamba, tukaifunga kwenye ukuta wa mawe na miti minne. Alipoona haivuji kwenye kona akasema fundi anayeshona nyumba hashindwi na mashua. Asubuhi nikamkuta ameshaanza kukwangua lami kwa kisu kilichovunjika. Nikamwambia apumzike, si kazi yake. "Miye nimelala chini yake," akanijibu. "Namujua tumbo kuliko weye." Tangu hapo hatukuachana.

Halafu likaja kosa letu, na naomba ucheke kwa adabu. Msasa ulikuwa unaisha haraka, unajaa lami, unakuwa kama kipande cha godoro. Mama Riziki akatazama chini, nami nikatazama chini. Mji mzima huu umejaa mawe ya volkano yenye vitundu, tunasugulia visigino, tunasugulia masufuria. Tukasema, Mungu ametupa msasa bure! Tukasugua. Lami ikatoka kwa furaha, bluu yako ikaonekana, tukaimba, tukasugua zaidi. Tukasugua mpaka ngozi ya juu ya mashua ikaisha na nyuzi zikatoka kama manyoya ya kuku. Mikono yetu iliwasha wiki nzima kwa vile vioo. Fundi wa gereji iliyo jirani, yule anayeziba magari yaliyogongwa, alikuja kuniuzia rezini, akaona, akashika kiuno. Akaniuliza nani alitufundisha. Nikamwambia visigino vyetu.

Lakini yeye ndiye aliyenieleza lililo muhimu: fiba iliyovunjwa ngozi inakunywa maji, na ukiziba juu ya unyevu kiraka kitadondoka. Tukaipindua tena kifudifudi, tukaifunika, tukaweka mbabula yenye makaa machache chini yake, mchana kutwa, kama unavyomkausha mtu aliyenyeshewa. Mama alikuwa akipita anasema, "Leo munapika nini?" Tuliendelea mpaka ukiweka shavu kwenye fiba huhisi baridi.

Rezini nayo, Papa, ina tabia ya mama mkwe. Ukiitia dawa ya kugandisha kidogo, inanuna, haikauki. Ukitia nyingi, inawaka hasira ndani ya kopo, inatoa moshi, inaganda na burashi ikiwa humohumo. Nilipoteza burashi yangu nzuri hivyo. Nilijifunza kuchanganya kidogokidogo, asubuhi kabla jua halijapanda, na kulaza kitambaa cha nyuzi kama ninavyolaza bitana, bila kukunja, bila kuacha hewa. Hapo nilianza kujisikia nyumbani. Kitambaa ni kitambaa.

Sehemu zilizochubuka zikapona. Tundu likanishinda.

Nilijaribu kutandika kitambaa juu yake, kikaning'inia kwa sababu chini hakuna kitu. Nikaweka bati kwa nyuma, kiraka kikatoka bapa, na ubavu wa mashua hauko bapa, umepinda kwa namna ambayo ukiigusa unaelewa lakini huwezi kuikata. Nikakibomoa. Nikajaribu tena na mbao nyembamba, nikabomoa tena. Baba mdogo alikuwa akipita mara kwa mara kuuliza hali. "Birika yangu inaendelea?" Alikuwa anatania, na kila mara nilikuwa nacheka naye kisha nakaa chini ya ukuta na hasira yote hainipi wazo hata moja. Siku ya kuondoa matanga ilikuwa inakaribia. Mapadre walishaambiwa. Nilianza kuona ng'ombe usingizini, wameingiza pua zao kwenye mashua yako.

Kitu kimoja tu kilinisumbua akili. Nilipokuwa nasafisha ukingo wa tundu, niliondoa lami iliyokuwa imerundikwa pale kwa makusudi, madonge madonge, na chini yake ukingo haukuwa umevunjika. Ulikuwa umekatwa. Tena umekatwa kwa mshazari, kutoka nje kuingia ndani, kuzunguka kote, kama mimi ninavyopunguza ukingo wa kola ili mshono usivimbe. Jiwe halikati mshazari, Papa. Nilipitisha kidole kwenye ule ukingo, kuzunguka kote. Nikamwita Mama Riziki akatazama. Akasema, "Iyi ni musumeno."

Na mstari wako mweupe, tuliokuwa tumeufunua chini ya lami, ulikuwa unatoka puani, unakuja vizuri, unafika kwenye tundu, unakatika, halafu unaanza tena upande wa pili.

Ilikuwa saa ya kupika. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko anapepeta maharagwe, anarusha, anadaka, anapuliza makapi. Mimi nilikuwa chini, nimechuchumaa karibu na mashua, kwa hiyo kila akirusha naona tumbo la sinia. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuitazama sinia ile kutoka chini. Ilikuwa bluu, bluu iliyolika kwa miaka ya kuburutwa juu ya mawe, na katikati yake, kutoka ukingo hadi ukingo, mstari mweupe.

Nilipiga yowe. Mama akadhani nyoka, sinia ikaruka, maharagwe yakamwagika uani kati ya mawe ambako hata leo tunayaokota. Niliidaka sinia nikakimbia nayo. Niliigeuza mara moja, mara mbili, nikaisogeza. Iliingia, Papa. Iliingia kwa sauti ndogo, tap, kama kifuniko kwenye sufuria yake. Mshazari juu ya mshazari. Mstari ukaungana.

Nililia pale. Sikuona haya na sioni haya sasa. Uliichukua mashua uliyoipenda kuliko usingizi wako, ukaikata kwa mkono wako, ukajifanya mjinga wa Ndosho nzima ili askari waione takataka. Ukakiweka kipande mahali ambapo hakuna mwizi wala askari atakayetafuta mali, chini ya maharagwe ya Mama. Ukaacha tukucheke, na mimi pia, maana mtoto wa shule akijua siri, mtaa unajua. Kila ilipodhaniwa vita vimekwisha vingine vilianza, nawe ukawa unangoja, mpaka kifua kikakuwahi. Nilikuwa na baba mwerevu kuliko watu wote wenye bunduki waliopita mjini hapa, na nilikuwa naona haya kutembea naye.

Mama alisimama juu yangu na mikono kiunoni. Aliufuata mstari kwa macho kutoka pua hadi mkia. Kisha akasema, polepole: "Mwaka yote iyi, niko nachambua maharagi mu mashua?" Nikasema ndiyo, Mama. "Na ulimi wangu wote ule ju ya ile sinia, ye ananyamaza tu?" Nikasema ndiyo. Alikaa kwenye jiwe. Nilidhani atalia. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, akalitukana jina lako kwa upendo, na machozi yakaja baadaye, yakiwa yamechanganyika na cheko. Alikutukana vizuri sana. Ungefurahi.

Kuiunganisha ilikuwa kazi niliyozaliwa nayo. Nilikwangua grisi ya miaka yote ya jiko, nikajaza upenyo kwa rezini iliyopondewa nyuzi, nikalaza mikanda ya kitambaa juu ya mshono, mwembamba kwanza, mpana baadaye, ndani na nje, kama pindo. Mama Riziki alikuwa ananipepea moshi wa rezini. Tulipopaka rangi nilichora mstari kwa uzi na chaki yangu ya kushonea, nami nilishika pumzi kama wewe. Ila katikati ya kiraka sikupaka kitu. Nimeiacha bluu yako ya zamani, imelika hivyohivyo.

Siku mbili kabla ya matanga mvua kubwa ikanyesha, mashua ikiwa wima. Ikajaa. Asubuhi maji yalikuwa bado yamo ndani, hata tone halijatoka nje. Nikatuma watu wamwite Baba mdogo aje aone kwa macho yake. Akaja, akazunguka, akapapasa chini kila mahali, akasimama. "Naona," akasema. "Inashika maji muzuri kabisa." Akatabasamu. "Iyi ni birika ya kweli."

Nilitaka kumtia ndani ya hayo maji.

Baada ya misa ya kuondoa matanga tuliipakia juu ya chukudu mbili zilizofungwa pamoja, vijana wa chukudu wakiwa wamevaa mashati yao ya kanisa. Kutoka Ndosho kwenda ufukoni ni mteremko, unaujua, na breki ya chukudu ni kipande cha tairi na kisigino cha mtu. Watu walitoka majumbani. Wazee waliokuita Kapiteni wa Mawe walisimama njiani, na mmoja wao, sitamtaja, alivua kofia. Mama alitangulia mbele ya mashua, peke yake, na hakumruhusu mtu atembee mbele yake. Pale Kituku, sokoni kando ya ziwa, wanawake wa kuuza ndizi waliuliza kuna nini. Aliwaonyesha kiraka. "Hapo," akawaambia, "ndipo nilikuwa nachambulia maharagi."

Tuliisukuma majini. Nikapanda. Nikamnyooshea mkono Baba mdogo, aliyezaliwa kati ya ng'ombe na hajawahi kukanyaga kitu kisichokuwa ardhi. Aliyatazama maji, akaitazama nchi kavu, lakini jambo likishakubaliwa mbele ya wazee mtu wa ukoo wetu hageuki. Alipanda. Nikamkalisha akiegemea kiraka, makusudi kabisa. Nikapiga kasia kama ulivyonifundisha, mabega yalale, kiuno kifanye kazi, mpaka sauti za ufukoni zikawa ndogo.

Alivua kofia akaiweka pajani. Akapitisha kiganja kwenye kiraka, kisha sakafuni chini yake, akakitoa, akakitazama. Kikavu. Akatoa leso nyeupe, akaifuta ile sehemu yote, taratibu, kona hadi kona, akaiinua kwenye mwanga. Mimi nilikuwa nimeacha kupiga kasia. Akaikunja leso akairudisha mfukoni. Halafu akaipiga mashua ubavuni kwa kiganja, pa, pa, kwa upendo, namna anavyompiga ng'ombe anayetoa maziwa vizuri.

"Iyi si birika," akasema.

Kisha akatazama maji mbele yake, akasema, "Peleka tena mbele kidogo. Nataka kuona kile kaka yangu alikuwa anaona."

Nikampeleka, Papa. Mbele sana.

Basi hiyo ndiyo habari uliyokuwa unaingoja: haivuji. Tumepata mota ya kuazima na mashua yako inakwenda Minova na kurudi na magunia ya maharagwe, Mama Riziki ndiye anayepokea mzigo ufukoni, na hakuna anayemwibia punje. Mama amenunua sinia ya plastiki. Hainasi hata punje moja, na analalamika kila siku ya Mungu kwamba ni nyepesi mno.

Lala, Papa. Lala kama mtu aliyeshinda. Siahidi kwamba vita havitarudi ufukoni, maana ungejua ninadanganya. Naahidi hiki: msumeno wako niliukuta darini umefungwa kwa kitambaa. Nimeupaka mafuta, nimeuning'iniza karibu na cherehani. Siku wakishuka tena kuchukua vyombo vya watu, nitakata palepale ulipokata, mshazari uleule, nitapaka lami, na Ndosho nzima itanicheka. Nami nitacheka kuwashinda.

Mtoto wako,
Zawadi